Kumpelekea mzee chakula nyumbani: mwongozo kamili kwa mtaa unaotaka kuanza

Mzee aliyeambiwa chakula kinakuja hawashi jiko. Hamtumi mjukuu gengeni, haombi kaa la moto kwa jirani, na kama ana kisukari huenda ameshameza vidonge au amejichoma sindano ya insulini akitegemea sahani ya saa sita na nusu. Sahani isipofika, mzee huyo yuko pabaya kuliko yule ambaye hakuahidiwa kitu. Kila ninachoeleza humu kinatokana na jambo hilo moja: ahidi kidogo, ufike kila siku uliyoahidi.

Nimeifanya kazi hii Tanga mjini, upande wa Ngamiani, na mifano mingi ni ya huko. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuandikisha wazee 30 kwa furaha ya kikao cha kwanza. Wiki ya tatu mpishi akaugua, fedha ya mkaa ikawa imeisha, siku mbili za zamu hatukutoka. Nilipopita kwa bibi mmoja baadaye nilimkuta ameketi barazani, bakuli letu la mwisho amelipakata, limeoshwa, limefunikwa kitambaa. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Wenzio hawajambo?" Akidhani tumefiwa. Tangu siku ile hatujaanza mtaa wowote na zaidi ya wazee 12, wala kwa zaidi ya siku tatu kwa wiki.

Hatua ya 1: Kuwajua wazee wenyewe

Usianze na orodha ya ofisini peke yake. Nenda serikali ya mtaa, ndiyo, kwa sababu bila mwenyekiti na mtendaji kukufahamu utaonekana mtu wa kampeni. Lakini majina ya kweli yako kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa imamu na kwa mama wa jumuiya ndogo ndogo kanisani. Na yako kwa muuza genge. Yeye ndiye anayejua nani alikuwa akinunua mchele nusu kilo sasa ananunua robo, na nani hajaonekana tangu Jumapili.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kwa kazi hii umri hautoshi. Wako wa miaka 75 wanaolima, na yuko wa 62 aliyepooza upande mmoja. Sisi tunatazama kama anaweza kusimama mbele ya jiko hadi chungu kiive bila kuanguka wala kuungua, na kama kuna mtu mzima mwingine ndani ya nyumba wakati wa mchana. Umaskini ni swali la baadaye. Nimemwona babu mwenye nyumba ya vigae na watoto watatu Dar es Salaam wanaomtumia fedha kila mwezi, naye anashinda kwa mkate mkavu na chai ya rangi kwa kuwa mikono inatetemeka, hawezi kushika sufuria.

Ziara ya kwanza waende wawili, mmoja awe mwanamke. Usimuulize mzee kama ana njaa. Atakwambia ameshiba, amelelewa hivyo. Muulize jana alipika nini, na nani alimsaidia kuteka maji. Wakati anajibu, tazama jiko kama lina majivu ya karibuni. Kisha uliza swali ambalo wengi husahau: ndani ya nyumba hii wanakula watu wangapi?

Bibi aliyeachiwa wajukuu wawili hatakula sahani yako mbele ya macho yao. Atawagawia, yeye atakomba ukoko. Ukimpelekea sahani ya mtu mmoja umejidanganya. Ama uwahesabu wajukuu tangu mwanzo, ama uende na mlo saa ambayo watoto wako shuleni na uhakikishe nao wana chakula chao wakirudi. Mimi nashauri uwahesabu. Ni afadhali kuhudumia nyumba nane kwa ukamilifu kuliko nyumba 15 ambazo bibi analala na njaa huku daftari linasema amekula.

Andika kwa kila mzee: jina analopenda kuitwa, maradhi, dawa anazokula pamoja na chakula, asichokula kwa dini au mwiko wa ukoo, hali ya meno, kama hupaliwa anapokunywa maji, simu ya mtoto au ndugu, na jina la jirani mwenye ufunguo wa pili. Karatasi hizi zikae kwa mtu mmoja. Si habari za kijiweni.

Hatua ya 2: Kuilinda heshima yake

Wazee wengi watakataa mwanzoni. Wanachoogopa ni maneno ya watu kwamba "fulani analishwa na mtaa, watoto wake wapo." Mtoto naye akisikia atahisi ameaibishwa. Kwa hiyo mpigie simu mtoto kabla ya sahani ya kwanza kutoka. Mweleze kwamba mama anaandaliwa mlo wa mchana kwa siku tatu, na kwamba akipenda anaweza kuchangia. Wengi wataanza kulipa wenyewe, maana walikuwa wakitafuta njia hiyo hiyo. Fedha wanayotuma huishia kwenye unga na sabuni. Hakuna wa kupika.

Vyombo viwe vya aina moja kwa wote, anayelipiwa na asiyelipiwa. Mpelekaji asijue nani analipa. Na msipige picha ya mzee akipokea sahani, hata mfadhili akiiomba. Mfadhili apewe hesabu na risiti, aalikwe jikoni aone sufuria.

Hatua ya 3: Jiko lipo tayari mtaani kwenu

Vikundi vingi huanza kwa kutafuta fedha za kujenga jiko. Fedha hiyo ilishe watu. Kila mtaa una mama lishe anayepika kila siku, mwenye masufuria, mwenye muuza mkaa wake na mwenye mkono uliozoea kupikia watu 40. Kaa naye mkubaliane: sahani ngapi, siku zipi, saa ngapi, bei gani, na nani atapika akiugua. Hilo la mwisho liandikwe. Mpishi wa akiba awe mtu mwenye jina na simu, aliyeshawahi kupika angalau mara moja kwa majaribio.

Kabla ya kutia saini, shinda naye asubuhi moja. Je, mbao ya kukatia nyama ndiyo anayokatia kachumbari? Maji ya kuoshea vyombo anayabadilisha mara ngapi? Ana sabuni na mahali pa kunawia, au ndoo moja ya wote? Amepima afya, kama watayarishaji wa chakula wanavyotakiwa? Afisa afya wa kata akialikwa mapema anakuwa mshauri wenu. Tumbo la kuhara ambalo kijana hulala nalo siku mbili linaweza kumpeleka mzee wa miaka 80 wodini kwa upungufu wa maji.

Zamu za nyumba kwa nyumba, leo kwa mama huyu kesho kwa yule, zinapendeza kusikia, lakini sizipendekezi kwa chakula kilichopikwa. Chumvi hubadilika kila siku, saa hubadilika kila siku, na aliyesahau zamu hajulikani mpaka saa saba. Nyumba hizo zichangie mchele, nazi, mafuta na maharage.

Hatua ya 4: Sahani yenyewe

Tumbo la mzee ni dogo na hamu yake imepungua, lakini mwili wake unahitaji vya kujenga misuli kuliko tunavyodhani. Mlima wa wali na maharage machache pembeni haumsaidii. Punguza wanga, ongeza mboga ya maharage, choroko, samaki, yai au dagaa. Kwa wazee 12 vipimo vyetu vya siku ya wali na maharage ni hivi:

- mchele kilo 1 na robo
- maharage makavu robo tatu ya kilo, yamelowekwa usiku na maji ya kulowekea yamemwagwa
- mchicha mafungu manne makubwa
- nazi mbili, vitunguu, nyanya, karoti
- mafuta nusu kikombe cha chai
- chumvi vijiko vya chai vitatu vya kusawazisha, kwa chakula chote

Hiyo chumvi ndiyo italeta ubishi na mpishi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na wazee wetu wengi wana presha. Vijiko vitatu kwa watu 12 vinaacha nafasi ya chumvi ya milo mingine. Ladha itafutwe kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, nazi, giligilani. Vile vidonge vya kuungia mchuzi vimejaa chumvi, viache dukani. Chumvi ya mezani isisafiri na chakula.

Mwenye kisukari hahitaji chakula cha peke yake kitakachomtenga. Anahitaji kipimo kingine cha sahani ile ile: mboga nusu, wanga robo, maharage au samaki robo, na saa isiyobadilika. Mwenye maradhi ya figo ni tofauti. Kwake fuata maelekezo ya kliniki neno kwa neno, maana hata ndizi na maharage vinaweza kuwekewa mpaka.

Kibogoyo anakula vizuri akipikiwa vizuri. Wali uwe bokoboko, samaki achambuliwe miiba jikoni, nyama isagwe, mchicha ukatwe mwembamba. Ugali uwe laini. Bada kwa mchuzi wa samaki ni chakula ambacho wazee wa Tanga watakishangilia, ila kwa mzee anayepaliwa, ugali wa muhogo unaonata ni hatari. Yeye apewe mtori au uji mzito, na ale akiwa ameketi wima. Ongezeni tunda laini: papai, embe, ndizi mbivu.

Kwa jioni na kwa siku ambazo hamtoki, acheni kitu kisichohitaji moto mwingi: yai la kuchemsha la jioni ile ile, ndizi, unga wa uji. Unga uwe wa ulezi au mahindi yaliyokauka vizuri. Karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kunyauka, yasiingie hata kidogo. Sumukuvu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia chakula cha kawaida cha nyumbani.

Hatua ya 5: Saa na joto

Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi joto 60. Chini ya hapo, mpaka nyuzi 5 za jokofu, ndipo vijidudu hustawi, na joto la Tanga saa sita mchana limo katikati kabisa. Kipimajoto cha chakula ni kitu kidogo, kinunueni. Tangu sufuria ishuke motoni hadi mzee ashike kijiko zisipite saa mbili, na nyinyi lengeni saa moja.

Kabla ya kupakua, jaza kila hotipoti maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga, ndipo utie chakula. Hotipoti baridi inakunyang'anya joto papo hapo. Ijaze vizuri, maana nafasi tupu inapoza. Mchuzi na wali vikae mbalimbali. Siku ya majaribio pakua moja ya ziada, izungushe njia nzima, ifungue kwenye nyumba ya mwisho na upime. Namba utakayoiona ndiyo itakayokwambia njia yenu ni ndefu mno au la.

Ratiba yetu: maharage motoni saa moja asubuhi, wali saa nne na nusu, kupakua saa tano na nusu, baiskeli zinaondoka saa sita kasorobo, nyumba ya mwisho saa sita na nusu.

Kiporo cha wali ni jambo la kusema na kila mzee, kwa upole, maana kwetu kiporo na chai ni kifungua kinywa cha heshima. Wali ukikaa nje kwenye joto hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa nyumba isiyo na jokofu, tunaomba kilichobaki kisizidi mchana ule. Mzee akibakisha mara kwa mara, punguza wali, usimlaumu.

Hatua ya 6: Njia

Baiskeli inatosha; Tanga ni mji wa baiskeli, na bodaboda huleta gharama ya mafuta na vumbi. Kila mpelekaji nyumba sita, zisizidi. Usipange njia kwa ukaribu peke yake: anayetumia insulini awe wa kwanza, hata kama nyumba yake iko mbali kidogo. Mpelekaji awe yule yule kila wiki. Mzee humzoea mtu, na mtu huyo ndiye atakayegundua kwamba leo sauti yake si ya jana.

Wakati wa masika funika kapu kwa turubai na ujue mapema vichochoro vinavyojaa maji. Weka mpelekaji wa akiba kama ulivyoweka mpishi wa akiba.

Hatua ya 7: Mlangoni

Hapa ndipo kazi ilipo. Mpelekaji anabisha hodi na kungoja. Hasukumi mlango wa mtu. Shikamoo kwanza, hali kwanza, kisha chakula. Ananawa, anafungua hotipoti mbele ya mzee, anasogeza maji ya kunywa karibu na mkono wake. Wazee wengi hupunguza maji makusudi kwa kuogopa safari ya chooni, hivyo glasi iliyojaa mkononi inafaa kuliko nasaha.

Kisha anapokea chombo cha juzi, na chombo hicho kinasema. Kimeoshwa kama kawaida? Kina chakula kilichobaki, na kilichobaki ni nini? Nyama imeachwa nzima: meno au fizi. Kimerudi na mabaki kwa mtu ambaye siku zote huosha: ameishiwa nguvu, au amechanganyikiwa, au ana huzuni. Yaandike. Bibi mmoja tulimgundua kwa hilo tu. Mara mbili mfululizo bakuli lilirudi halijaoshwa, mpelekaji akauliza, kumbe hajaona vizuri kwa wiki nzima na alikuwa hataki kumsumbua mwanawe.

Dakika tano kwa kila nyumba ziwe ndani ya hesabu ya ratiba. Ukimpa mpelekaji nyumba 12 umemwambia kwa vitendo asisalimie.

Hodi isipojibiwa mara tatu, piga simu, kisha jirani mwenye ufunguo, kisha mjumbe. Usiache chakula mlangoni. Usiondoke na kusema labda amelala. Na mpelekaji azijue dalili hizi bila karatasi: uso umepinda, mkono mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki sawasawa, hapo ni hospitali mara moja, na namba ya dereva wa bajaji mliyekubaliana naye iwe kwenye simu. Mwenye kisukari anayetoka jasho jembamba, anayetetemeka au kuongea ovyo apewe maji ya sukari kama anaweza kumeza. Kama hawezi, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe kituo cha afya. Dawa zake mpelekaji hazigusi wala hazipangi. Anauliza tu kama amekunywa.

Hatua ya 8: Fedha

Fanya hesabu kwa sahani. Tuseme sahani, pamoja na malipo ya mpishi, mkaa, sabuni na pancha za baiskeli, inafika shilingi 2,500. Wazee 12, siku 3, wiki 4: sahani 144, shilingi 360,000 kwa mwezi. Weka bei za soko lenu mahali pa hiyo 2,500. Kisha msitoe sahani ya kwanza mpaka mwe na fedha ya miezi miwili mkononi, yaani 720,000 kwa mfano huu. Najua inauma kungoja huku mnawajua wenye njaa. Subirini, au anzeni na wazee watano.

Fedha inayodumu ni ile ndogo inayokuja kila mwezi. Watoto wa wazee wanaolipia wazazi wao na kuongeza sahani moja ya mwingine. Sadaka ya Ijumaa au Jumapili iliyotengwa kwa jina. Kikoba kinachotoa sehemu yake. Msaada mkubwa wa mara moja uwekwe akiba, usitumike kuongeza majina. Mkitaka kufungua akaunti ya kikundi, afisa maendeleo ya jamii ndiye atakayewaongoza kwenye katiba, muhtasari wa kikao na usajili halmashauri. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni mkopo wa kurudishwa; isiguswe kwa chakula cha bure. Lakini mama lishe wenu, akiwa ndani ya kikundi cha wanawake, anaweza kuiombea masufuria na jiko la gesi kwa biashara yake, nanyi mkanufaika na chakula kinachotoka kwa wakati.

Hesabu ibandikwe ukutani kwa mtendaji kila mwezi: iliyoingia, iliyotoka, sahani ngapi, siku ngapi mlikosa. Hiyo ya mwisho msiifiche.

Ramadhani, na siku ya msiba

Mwezi wa Ramadhani sahani ya mchana inahamia magharibi kwa wanaofunga: uji, kunde au mbaazi za nazi, muhogo au magimbi, tende, tunda. Anayetaka kufunga akiwa na kisukari azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Wale ambao maradhi yamewazuia kufunga wapelekewe mchana kama kawaida, chombo kikiwa ndani ya mkoba, bila kutangazia kibaraza.

Na utafiwa. Kwa kazi hii utafiwa mara nyingi, na wapelekaji vijana wataumia kuliko walivyotarajia; waende mazikoni, wapewe siku ile. Siku hiyo wengine bado wanangoja chakula, kwa hiyo mpelekaji wa akiba atoke. Watoto wa marehemu wajulishwe kwamba mchango walioulipa wa siku zilizobaki upo, warudishiwe au waseme uende wapi. Hotipoti yake isifuatwe kabla ya matanga kuanuliwa. Mara nyingi hutahitaji kuifuata. Mtu wa nyumba ile atakuja nayo mwenyewe jikoni, imeoshwa.